Uzimwanga, si Nyuzi za Macho

Mwanga unaoleta intaneti katika nyumba za Kitale na Bungoma hauonekani kwa macho. Jicho la binadamu hukoma kuona mawimbi yakishapita nanometa 700 hivi. Laini za nyumbani hutumia mwanga wa nanometa 1310 na 1490, na zile za masafa marefu hutumia 1550. Fundi anayepanda mlingoti wa stima kule Kiminini hufundishwa mapema asichungulie ncha ya uzi wa kioo uliokatika, maana mwanga huo unaweza kumdhuru asione kitu. Ndio uzi huohuo ambao kipeperushi kimoja kilichosambazwa mjini Kitale kimeuita "nyuzi za macho". Nilikisoma mara mbili nikitumaini ni kosa la mchapaji. Sivyo. Jina hilo limerudiwa katika kila aya.

Chanzo cha kosa ni rahisi kukifuata. Mtafsiri ameliona neno la Kiingereza optical, lenye asili ya Kigiriki, optikos, linalohusu kuona, akakimbilia viungo vya mwili. Lau angeendelea na safari ya neno hilo asingekwama kwenye kope. Wagiriki walilitumia kwa habari za kuona, kisha wataalamu wa fizikia wakalipanua likawa jina la elimu nzima ya mwanga, unaoonekana na usioonekana. Katika maana hiyo pana ndipo mwanafizikia Narinder Singh Kapany, mzaliwa wa Punjab, alipolitangaza jina la teknolojia hii, fiber optics, kwenye jarida la Scientific American mwaka 1960. Sehemu nyingine ya jina hilo inatoka katika Kilatini, fibra, yaani uzi mwembamba. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitaupeleka mwanga mbali bila kufifia sana. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka uleule ambao kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kutoka baharini. Katika historia yote hiyo ya teknolojia hakuna aliyekuwa akizungumzia jicho. Walizungumzia mwanga, na walizungumzia uzi.

Hoja hii nimeiandika kwa ukamilifu na kuiwasilisha mahali panapohusika. Jopo lililokuwa likikusanya istilahi za mawasiliano lilipokea barua yangu, halikunijibu, kisha likatoa orodha yenye "nyuzi za macho" pasipo hata sentensi moja ya kutetea uamuzi huo. Sidai heshima ya pekee. Nadai kwamba jopo linalofanya kazi kwa niaba ya wasemaji liwaeleze wasemaji sababu zake. Istilahi isiyo na hoja nyuma yake ni amri tu, na Kiswahili hakijawahi kukua kwa amri.

Wapo wanaosema tuache ubishi, tuseme "faiba" kama wasemavyo watu sokoni Chwele na stendi ya Kitale. Nawaheshimu wasemaji hao, lakini hapa Kenya neno hilo tayari lina mwenyewe. Faiba ni jina la biashara la kampuni ya Jamii Telecommunications, na mwaka 2017 kampuni hiyo ilizindua chini ya jina hilo huduma ya simu ya 4G, ambayo humfikia mteja kwa mawimbi ya redio. Kampuni ina haki ya jina lake. Lugha nayo ina haki ya kuwa na jina la kitu lisilotegemea kibao cha duka lolote.

Wengine wanatuelekeza Tanzania, kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na wengine husema "mkonga". Baina ya hayo mawili mimi nachagua mkonga bila kusita. Mkongo ni mti wa mbao ngumu, ndio mbambakofi, na ukiandikwa kwa herufi kubwa ni mtu wa Kongo. Mkonga ni wa tembo: mrefu, wenye nguvu, unaofika mbali na kuvuta. Sitiari hiyo inaufaa mstari mkuu unaopanda kutoka pwani hadi nchi za bara. Lakini mkonga ni jina la kebo nzima. Ndani yake mna nyuzi kadhaa, kila mmoja wa kioo, wenye unene wa sehemu ya nane ya milimita pamoja na ganda lake la kioo, na kiini kinachopitisha mwanga kina takriban mikrometa 9 tu. Huo mmoja unaoingia sebuleni kwa mteja wa Webuye hauwezi kuitwa mkonga.

Mhadhiri mmoja, ambaye sitamtaja, ameshikilia "ufumwele mwanga". Ufumwele ni neno zuri katika biolojia, linapohusu nyuzinyuzi fupi za mimea na za chakula. Uzi wa kioo waweza kwenda kilomita 20 kutoka kituo cha kampuni hadi kwa mteja bila kuhitaji umeme njiani. Kitu kirefu hivyo kinaitwa uzi.

Kwa hiyo natetea neno nililolipendekeza: uzimwanga, na wingi wake nyuzimwanga. Muundo wake si mgeni. Lugha yetu huunganisha nomino na nomino bila kiunganishi, ndipo tukapata pundamilia, batamzinga na isimujamii. Tena neno uzi lenyewe limekwisha kuingia sayansi kwa njia hiyohiyo. Kila jioni mtangazaji wa hali ya hewa hututajia nyuzijoto, na mwalimu wa hesabu hutaja pembe ya nyuzi 90. Wapo waliodai kwamba nyuzimwanga itafahamika kuwa kipimo cha mwanga. Hofu hiyo haina msingi. Nyuzijoto hufuatwa na tarakimu, wala hakuna anayesema nyuzijoto zimekatika.

Nimepingwa pia kuhusu mwanga, eti pwani mwanga ni mtu anayewanga usiku. Ni kweli, na ngeli zinatosha kuwatenganisha: mwanga huyu na wanga hawa upande mmoja, mwanga huu upande wa pili. Mzizi wa neno letu umo katika anga, angaa, angaza, angavu na mwangaza, ukoo mpana wa Kibantu unaojitosheleza. Wanaotaka "uzinuru" wanatumia neno zuri la Kiarabu ambalo limebeba mengi ya imani. Sioni sababu ya kulishusha hadi kwenye nguzo za stima wakati neno la nyumbani lipo na shughuli hiyo linaimudu.

Jina sahihi lina kazi kwa mnunuzi. Katika miji yetu kila kitu ni "waifai", na wakala akisema faiba imefika mtaani, mteja hulipa, kisha huletewa kisanduku chenye laini ya simu ndani. Huenda kisanduku hicho kikamtosha. Hata hivyo alistahili kujua anachonunua, hasa sasa ambapo kuna 5G na, tangu Julai 2023, dishi za Starlink. Mwenye uzimwanga ana uzi wa kioo unaoingia ukutani, na anaweza kuushika. Magharibi mwa Kenya, ambako radi hupiga sana, hilo ni jambo la maana: kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi haiwezi kuufuata uzi wenyewe hadi kwenye ruta, kama ilivyofuata nyaya za shaba za simu za zamani. Shaba ile iliibwa ikauzwa kama vyuma chakavu. Kioo hakina soko hilo.

Kuhusu matumizi: ni ngeli ya U-ZI. Taa nyekundu ikimweka kwenye kisanduku, mwambie fundi, "uzimwanga umekatika", na ukiona kebo imelala barabarani Kamukuywa, ripoti kwamba nyuzimwanga zimekatika.

Nawaomba wachapaji wa vipeperushi wa Kitale na Bungoma waliondoe jicho katika toleo lijalo. Na jopo likikutana tena, barua yangu ingali kwenye faili zao. Mwenye neno bora kuliko uzimwanga alilete pamoja na sababu zake, tulipime hadharani.