Mtakatifu Ansgar: Mbegu Iliyokawia Kuota

Katika yubilei hii tunamkumbuka Mtakatifu Ansgar, Mtume wa Kaskazini. Alizaliwa mwaka 801, akawa mtawa huko Corbie, Ufaransa. Mwaka 826 alitumwa Denmark, na mwaka 829 akafunga safari ya Uswidi. Baharini maharamia walimpora kila kitu, hata vitabu karibu 40. Baadhi ya wenzake walitaka kurudi. Yeye aliendelea kwa miguu hadi mji wa Birka. Huko liwali Hergeir alibatizwa, akajenga kanisa kwenye ardhi yake.

Mwaka 845 Wavikingi waliteketeza Hamburg, alikokuwa askofu. Wakati huo wamisionari wa Birka nao walifukuzwa, na mmoja wao, Nithard, akauawa. Kwa takriban miaka saba Birka haikuwa na padre, lakini Hergeir, mlei tu, hakuiacha imani.

Ansgar alifariki Bremen tarehe 3 Februari 865. Mavuno ya Uswidi yalikuja zaidi ya miaka 100 baadaye.

Kwaya yetu pia ilipandwa na watu ambao wengine wao hawakuiona siku hii. Sisi tunavuna walichopanda. Basi nasi tupande, watoto wetu wapate cha kuvuna.