Vumbi kazini: hupimwaje?

Waafrika Mashariki ni miongoni mwa wageni waliojenga Doha, Qatar, kabla ya Kombe la Dunia la 2022. Ukataji wa zege na mawe hutoa vumbi la silika. Chembe zake ndogo kabisa hazionekani kwa macho, nazo husababisha silikosisi, maradhi ya mapafu yasiyo na tiba.

Mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni na kichujio karibu na pua, kwa zamu nzima. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada ya kazi, kisha silika huchunguzwa maabara. Chombo kilichosimikwa mbali hakitoshi, kwani mkata mawe huvuta vumbi jingi zaidi.

Mwaka 2016 Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 8. Kikipitwa, kwanza humwagwa maji yazuiayo vumbi. Barakoa ni kinga ya mwisho.