Mwelemeo, Si Upendeleo

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, magazeti yetu hutuandikia kuhusu "upendeleo wa rangi na jinsia" katika kampeni, yakilifasiri hivyo neno la Kiingereza "bias". Walioubariki msamiati huu hawakujiuliza ni nani hasa anayependelewa.

Asili ya neno haijifichi. Penda imezaa pendea, pendea ikazaa pendelea: kumzidishia mmoja mapenzi kuliko wenzake. Upendeleo, basi, humtazama anayepewa, anayenyimwa hayumo. Isitoshe, Tanzania tumezoea kusikia nafasi za upendeleo, yaani viti maalumu vya wanawake bungeni. Msomaji akiambiwa kuwa mwaka 2008 Hillary Clinton, aliyekuwa akiwania urais, alikumbana na upendeleo wa kijinsia, ana haki ya kudhani alibebwa. Kumbe Januari mwaka ule, kwenye mkutano wake wa Salem, New Hampshire, alikatizwa na wanaume waliompigia kelele awapigie pasi mashati!

Wanaotetea "ubaguzi" wamekaribia, ila kubagua ni kutenga kwa kukusudia. Tom Bradley, meya Mweusi wa Los Angeles, aliongoza katika kura za maoni za ugavana wa California mwaka 1982, kisha akashindwa na George Deukmejian kwa tofauti isiyofika asilimia 2. Wapo wachambuzi waliosema baadhi ya wapiga kura Weupe waliwaficha wahoji nia yao. Kama ndivyo, hapo hakuna aliyemfungia mtu mlango; nyoyo zilikuwa zimelala upande.

Neno langu ni mwelemeo. Elekea imetupa mwelekeo. Elemea itupe mwelemeo, wingi mielemeo. Na elemea ina utajiri wa maana mbili: mashua huelemea upande shehena isipopangwa sawa, na kazi nzito humwelemea mtu. Anayeinamisha mizani na anayebeba uzito wote wamo katika mzizi mmoja. "Mwegemeo" unaopigiwa debe na wengine haufiki huko, maana mtu huegemea ukuta apumzike. Niliieleza hoja hii mbele ya jopo moja la istilahi. Neno likafutwa orodhani bila hoja yangu kujibiwa, na hadi leo sijaridhika.

Tena tunauhitaji wingi. Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Kongresi, aliwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic mwaka 1972. Baadaye alisema wazi kuwa uanamke ulimwekea vikwazo vingi kuliko weusi wake. Hiyo ni mielemeo miwili juu ya mtu mmoja. Upendeleo ungetupa "mapendeleo", nayo ni mambo mtu ayapendayo.

Matumizi ni mepesi: mwelemeo wa rangi, mwelemeo wa jinsia, habari yenye mwelemeo. Wahariri, lichapeni neno hili katika habari za uchaguzi ujao, na anayelipinga alete hoja yake hadharani.