"Hizo Madawa Zinamaliza Watu"

Mwaka 2004 Mama Mdogo alianza ARV pale Kibera, amebaki mifupa. Wiki ya tatu akaomba ugali, tukashukuru Mungu. Wiki ya tano shingo ikafura, homa ikapanda, usiku jasho mpaka godoro. Majirani wa Gatwekera hawakushangaa. "Hizo madawa zinamaliza watu," mmoja aliniambia. Nikaenda Kawangware kwa binamu yangu, aliyekuwa amepewa za kwake juzi tu, nikamwambia aache.

Tukiandika historia ya ukimwi Nairobi huwa tunaita maneno kama hayo porojo. Mimi naona tunawaonea watu. Walikuwa wanaona sawasawa: fulani kaanza dawa, fulani kalala kitandani. Walichokosa ni maelezo, na zahanati tuliyoenda haikutupa.

Kinga ikidhoofika sana, kifua kikuu kinaweza kukaa mwilini kimyakimya, kwa sababu uvimbe na homa nyingi hutokana na mwili kupigana. ARV zikishusha virusi, kinga inaamka, inamkuta mgeni amejaa nyumba nzima. Hapo ndipo tezi zinafura. Madaktari wanaita hali hiyo IRIS. Mara nyingi huja katika miezi mitatu ya kwanza, na humpata zaidi aliyeanza dawa amechelewa.

Na nani hakuchelewa? Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa 1999. Sheria ya 2001 ndiyo iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Amref na Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutibu watu Kibera, waliopanga foleni walikuwa wamengoja miaka, na miongozo ya wakati huo ilitaka CD4 ishuke chini ya 200, au uwe mgonjwa hoi, ndipo uanzishiwe. Kenya ilianza kumpa dawa kila anayepatikana na virusi, bila kujali CD4, mwaka 2016. Kwa hivyo uvumi ule haukuzaliwa na ujinga. Ulizaliwa na kungojeshwa.

Mama Mdogo alipata muuguzi aliyezishika zile tezi na kuuliza kuhusu jasho. Akapimwa, akaongezewa dawa za TB, ARV hakuacha. Mpaka leo anauza sukuma wiki.

Binamu yangu aliacha. Tulimzika ushago Desemba ile ile, na kwenye matanga bado nilikuwa nawaambia watu ni dawa.