Sakinisha: Neno Linalotafuta Maskani

Neno "sakinisha" lina ukoo mkubwa kuliko linavyoonekana. Kitenzi "sakini", kwa maana ya kukaa mahali na kupafanya pawe pako, kina asili ya Kiarabu, na ndugu yake ni "maskani", neno ambalo washairi hulitumia kwa nyumba, kwa mji na hata kwa moyo wa mpendwa. Ilipohitajika istilahi ya kitendo cha kuiweka programu ndani ya kompyuta ili ikae humo na kufanya kazi, kitenzi hicho kilitiwa kiambishi cha kusababisha. Kusakinisha, basi, ni kuipa programu maskani. Ni istilahi iliyoundwa kwa heshima. Lakini hapa Nyasubi, katika Manispaa ya Kahama, ukimpelekea fundi kompyuta iliyogoma, hatakwambia kwamba ataisakinishia kitu. Atasema, "Hii tuipige windo."

Sisemi kwamba fundi amekosea. Kiswahili hupiga pasi, hupiga deki, hupiga mswaki na hupiga simu. Kitenzi hiki ni mlango wa zamani ambao vitu vipya huingilia. Kinachonishughulisha ni lile "windo". Ni jina la bidhaa ya kampuni moja ya Marekani, nalo mtaani limekuwa jina la mfumo endeshi wowote ule. Mshairi atatabasamu hapo, maana windo katika kamusi zetu ni mnyama anayewindwa. Nani basi ana haki ya kuvipa vitu hivi majina kwa Kiswahili? Historia ya mifumo huria ya kompyuta inalijibu swali hilo kwa namna ambayo sisi wa lugha hatujaizingatia vya kutosha.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, kufuatia hasara iliyopatikana katika jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo, uingizaji wa kompyuta Tanzania Bara ulipigwa marufuku. Marufuku hiyo ya 1974 ililegezwa polepole. Wakati huo Kiswahili chetu kilikuwa kimepata nguvu mpya: Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeundwa kwa sheria ya 1967, na istilahi za siasa, elimu na utawala zilikuwa zikichipua. Mashine ikakosekana katika miaka ambayo lugha ilikuwa na ari kubwa ya kuzaa maneno. Iliporudi kwa wingi, ilirudi na Kiingereza chake.

Huko ng'ambo, mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kuunda mfumo endeshi ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo alichokitunga. Ndicho tunachokiita Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo kamili unaotunzwa hadi leo na watu wa kujitolea.

Hapa Kiswahili kina neema ambayo Kiingereza hakina. Kwa Kiingereza, neno moja hubeba maana ya uhuru na maana ya kutolipa, na Stallman amelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna "huria" na tuna "bure", na hakuna anayevichanganya. Zaidi ya hayo, "bure" yetu inabeba pia maana ya kitu kisicho na faida. Anayeiita programu huria "programu ya bure" ameitukana bila kujua. Kweli, "huria" ililetwa masikioni mwa wengi na soko huria la miaka ya mageuzi ya uchumi, ikabaki na harufu ya biashara. Programu hizi zinairudisha karibu na mzizi wake: hali ya kuwa huru.

Uhuru wa kubadilisha unajumuisha uhuru wa kutafsiri. Hilo ndilo lililodhihirika mwaka 2004. Katika Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, uliendeshwa mradi ulioitwa Kilinux, wa kuzitia programu huria katika Kiswahili. Waliandaa faharasa ya istilahi za kompyuta, kisha mwishoni mwa mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kuzifanyia bidhaa zake vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kampuni ilipaswa kwanza kuona soko na kuamua, ilhali wa Dar es Salaam hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Leseni ilikuwa imekwisha kuwapa.

Msomaji akumbuke tulikotoka. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, enzi ya Waingereza, ndiyo iliyosimamia usanifishaji na kuvipitisha vitabu vya shule. Neno lilihitaji idhini ya mezani. Katika mfumo huria, majina ya menyu yamo katika faili la maandishi ambalo mwalimu wa Kahama anaweza kulifungua, kulisahihisha na kulirudisha kwa watunzaji.

Mimi nimeisakinisha Debian katika kompyuta kuukuu ya mezani, ambayo sasa ni seva ya nyumbani. Haina hata kioo. Imehifadhi miswada na rekodi za sauti za malenga wenzangu, na mgeni akifika husikiliza kwa simu yake kupitia Wi-Fi ya nyumba, pasipo kuunguza bando. Katika kuipanga nilikutana na lugha yetu mahali nisipoitarajia. Orodha ya mipangilio ya lugha ina Kiswahili mara mbili: sw_KE na sw_TZ, lugha moja iliyopigwa mihuri ya nchi mbili. Nilichagua ya pili, kisha nikaiamuru mashine itaje tarehe. Vifupisho vya siku katika mpangilio huo ni J2, J3, J4, J5, Alh, Ij na J1.

Vitazameni vizuri. J1 ni Jumamosi, J2 ni Jumapili. Aliyeviandika aliisikia mosi, pili na tatu iliyomo ndani ya majina, ile hesabu ya Waswahili inayoanza juma baada ya Ijumaa. Siku mbili zenye asili ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa, amezifupisha kwa herufi, kwa kuwa hazina tarakimu ya Kibantu ya kusimamia. Huo ni uchambuzi wa lugha uliofichwa katika herufi mbilimbili.

Saa, hata hivyo, haikupata mtetezi. Ukanda wa saa unaoitwa Africa/Dar_es_Salaam umo, lakini mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu kuanzia macheo. Nikitaka nakala rudufu zitengenezwe saa nane usiku, huandika 2. Kila siku nafanya tafsiri ndogo kichwani, kama wanavyofanya wote wanaoangalia simu zao inayosema 07:00 na kutamka "saa moja". Hakuna kilichotuzuia kuiandikia mashine saa yetu. Ni kazi ambayo haijafanywa.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo. Tumezoea kulaumu wakubwa kwa kukipuuza Kiswahili katika teknolojia, na lawama nyingine ni za haki. Lakini katika mfumo huria hakuna mkubwa wa kulaumiwa. Mradi ukiisha na watafsiri wakatawanyika, matoleo mapya huja na maneno mapya, na pale pasipotafsiriwa Kiingereza hurejea kimyakimya kwenye menyu. Haki ya kutaja isipotumiwa haifutwi, ila hukaa bure, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Kazi hii inawahitaji washairi hasa. Menyu haina nafasi ya maelezo marefu. Inataka neno moja, fupi, lenye sauti na lisilochosha kusomwa mara elfu. Anayepima mizani na kusaka vina amejifunza uchaguzi wa namna hiyo maisha yake yote. Na asimdharau fundi wa "kupiga windo", kwani yeye ndiye atakayelitamka neno jipya mbele ya wateja, au ataliacha. Neno "sakinisha" limeundwa vyema, lakini maskani ya neno ni kinywa cha watu, na huko bado halijahamia.