Kizuri Hakikosi Ila, Hata Ndege

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Juma hili napenda tuipime methali hiyo kwa jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni mchezo wa watoto tu. Nazungumzia vijana wanaoziunda upya, ndani ya kompyuta, ndege za kivita za zamani zilizokwenda kwa rafadha, yaani lile pangaboi la mbele.

Mwaka 1995 Mmarekani Austin Meyer alitoa programu iitwayo X-Plane. Ndani yake mna karakana ambamo mchezaji hujichorea ndege: urefu wa bawa na unene wake, uzito, nguvu ya injini, mahali pa magurudumu. Akimaliza, kompyuta huligawa bawa na rafadha katika vipande vidogo vidogo, kisha hukokotoa nguvu ya hewa juu ya kila kipande, mara nyingi katika kila sekunde. Haijali ndege hiyo ina jina gani wala sifa gani. Ukichora ovyo, itaanguka.

Mpwa wangu ni mmoja wa mafundi hao wa mezani, na ndege aliyoichagua ni Spitfire ya Uingereza. Ndege hiyo ilibuniwa na Reginald Mitchell wa kampuni ya Supermarine, mjini Southampton, na iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Mitchell hakuiona ikienda vitani. Alifariki kwa saratani mwezi Juni 1937, akiwa na umri wa miaka 42, na wenzake wakaiendeleza kazi yake. Kikosi cha kwanza kilipokea ndege hizo Agosti 1938, na hadi utengenezaji ulipokoma zilikuwa zimeundwa zaidi ya 20,000.

Vitabu vingi husifu umbo la mabawa yake, mapana na membamba, yaliyochongoka mfano wa yai. Lakini mpwa wangu aligundua jambo ambalo picha haionyeshi. Alipochora bawa lililonyooka tangu shinani hadi nchani, ndege ilipopunguza mwendo bawa moja lilikata ghafla, ikabiringika na kuanguka. Ilimbidi alisokote bawa kidogo, kama Mitchell na wenzake walivyofanya, ili sehemu iliyo karibu na kiwiliwili ichoke kwanza na kumtikisia rubani onyo. Msokoto huo mdogo uliwaokoa vijana wengi waliokabidhiwa ndege hiyo wakiwa na saa chache tu za mafunzo.

Baada ya hapo nilimwona akifanya jambo lililonishangaza. Aliandika amri maalumu ili injini izimike kila rubani anaposukuma usukani na kuielekeza pua chini kwa ghafla. Nikamwuliza, "Sasa mbona unaiharibu?" Akanijibu, "Mjomba, nikiitoa kasoro hii, haitakuwa Spitfire tena."

Alisema kweli. Injini ya Rolls-Royce Merlin, yenye zaidi ya nguvu farasi 1,000, ilitumia kabureta ya boya. Pua ilipoinamishwa kwa nguvu, mafuta yalirushwa juu ndani ya kabureta na injini ikakatika. Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani ilipuliziwa mafuta moja kwa moja, kwa hiyo rubani wa Kijerumani aliyefukuzwa aliweza kupiga mbizi na kutoroka. Mwingereza alilazimika kuipindua ndege kwanza ndipo amfuate, na vitani nukta moja ni umri wa mtu.

Dawa ilitoka kwa mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Mwaka 1941 alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichopunguza kasi ya mafuta yanayoingia katika kabureta. Shilling, ambaye aliwahi kushindana katika mbio za pikipiki, alizunguka na wenzake katika viwanja vya ndege kusaidia kukifunga. Ndege yenye mafundi na mabingwa wengi ilisaidiwa na kitu cha ukubwa wa sarafu. Asiyeijua kasoro hataujua mchango wa mama huyo, maana ukiificha ila, umemficha na aliyeitibu.

Ila nyingine pia zimo katika mfano wa mpwa wangu. Pua ni ndefu hata rubani haoni mbele akiwa ardhini, hivyo huenda mshazari huku na huku kama mlevi. Magurudumu yamekaribiana mno. Rejeta iko chini ya bawa, na ukichelewa kuruka maji yanachemka.

Hata sifa za vita zina ila yake. Watu wengi huamini kwamba Spitfire peke yake ndiyo iliyoikinga Uingereza katika mapambano ya angani ya mwaka 1940. Ukweli ni kwamba ndege za Hurricane zilikuwa nyingi zaidi, na ziliangusha ndege nyingi zaidi za adui. Aidha, fedha zilichangwa hata katika makoloni, na bei iliyotangazwa ilikuwa pauni 5,000 kwa Spitfire moja. Kikosi namba 249 kilipewa jina la Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana. Jasho la Mwafrika lilikuwamo, ingawa picha za ushindi hazimwonyeshi.

Hata hivyo, kompyuta nayo ina ila moja isiyotibika. Mpwa wangu akianguka hubonyeza kitufe, na ndege husimama tena kiwanjani ikiwa nzima. Katika mapambano yale, kati ya Julai na Oktoba 1940, marubani na askari wenzao wa ndegeni 544 wa ndege za kivita za upande wa Uingereza waliuawa, kati ya karibu 3,000 walioshiriki. Wengi wao walikuwa na umri kama wa kijana wangu huyu, na hawakuwa na kitufe. Kila anayecheza mchezo huo yafaa alikumbuke hilo.

Ndugu zangu, somo langu ni kwa sisi tunaosimulia ya kale redioni, magazetini na shuleni. Tukimwelezea shujaa au taasisi tuipendayo, tunapaka rangi mpaka makovu yote yanapotea. Tunadhani tunaheshimu, kumbe tunasimulia kitu ambacho hakikuwahi kuruka. Kijana wa miaka kumi na tisa ameamua kuizima injini yake mwenyewe ili asiseme uongo. Sisi watu wazima tuna udhuru gani?