Saini ya Fundi wa Ndege



Enzi zetu shuleni, mwalimu akiuliza nani angependa kazi ya ndege, mikono yote iliyoinuka ilikuwa ya marubani watarajiwa. Fundi hakutajwa. Nataka leo nimtaje.

Historia ya ufundi huu kwetu imefungamana na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 kwa ndege ndogo za mbao na kitambaa ziitwazo Dragon Rapide. Mwaka 1960 lilipata Comet, ndege zake za kwanza za jeti, na mwaka 1966 Super VC10. Kila aina mpya ilimrudisha fundi darasani, kwa kuwa huidhinishwa kutia saini kwa aina zile tu alizofuzu.

Saini hiyo si jambo dogo. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya shirika hilo ilikuwa ikiondoka Addis Ababa. Tairi la mbele likapasuka kwa kukanyaga kipande cha chuma njiani. Rubani alifunga breki, zisishike ipasavyo. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka na kuwaka moto. Kati ya watu 107, walikufa 43. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu za mfumo wa breki zilikuwa zimeunganishwa vibaya.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na shirika likafa nayo. Mwaka huo huo Kenya na Tanzania ziliunda mashirika yao. Mali iligombewa, lakini ujuzi wa fundi ulibaki wake, akaenda nao alikokwenda.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kila siku natia saini majalada. Nikikosea, jalada hurudi mezani nikasahihisha. Ndege ikisharuka, fundi hana nafasi ya kuikagua tena nati aliyoipuuza.

Basi vijana, anayeitaka kazi hii ashike Fizikia na Hisabati. Siku hizi hata Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, huifundisha. Ajue kwamba atasoma miaka mingi, na abiria hawatamjua kwa jina. Lakini aanze sasa kwa kutoandika katika daftari la maabara jibu ambalo hakulipima mwenyewe.